Mashine ya CNC isiposomana na kompyuta: dalili na vyanzo vyake

Karakana nyingi za vyuma katika Afrika Mashariki hazikununua mashine zao za CNC, yaani zinazoongozwa na kompyuta kwa programu, siku moja wala kwa muuzaji mmoja. Utakuta mashine ya kukereza ya miaka ya 1990, iliyoletwa mtumba ikiwa na kidhibiti (kompyuta inayoiongoza mashine) cha Fanuc 0 na poti ya RS-232, ile ya zamani ya kutuma data biti baada ya biti, peke yake, imesimama bega kwa bega na mashine ya milingi ya juzi juzi yenye Ethernet, na pembeni yao iko ya tatu ambayo nyuma ya skrini yake imefichwa kompyuta ya Windows XP. Siku mwenye karakana anapoamua kwamba programu zitumwe kutoka ofisini na hesabu ya kazi isomwe bila daftari, kila moja ya mashine hizi hugoma kwa namna yake. Mwongozo huu unazifuata dalili hizo kuanzia kwenye kebo hadi kwenye takwimu zinazosomwa ofisini, kwa sababu hitilafu iliyo chini hujionyesha kama hitilafu ya juu, na fundi anayeanzia kwenye programu ya kompyuta anaweza kushinda kutwa akitafuta kosa ambalo liko kwenye pini mbili zisizogusana.

Namba za alamu na za parameta (mipangilio ya ndani ya kidhibiti) zilizotajwa hapa ni za mtengenezaji Fanuc, kwa kuwa vidhibiti hivyo vimeenea sana. Kwenye vidhibiti vingine namba hubadilika, lakini vyanzo ni vilevile.

Kabla ya kugusa parameta

Kwenye vidhibiti vya zamani, parameta, programu na vipimo vya zana hukaa kwenye kumbukumbu inayoshikiliwa na betri wakati mashine imezimwa. Kazi ya kuunganisha humlazimu fundi kubadilisha baadhi ya parameta hizo na kuizima na kuiwasha mashine mara kwa mara, kwa hiyo betri iliyochoka hupata nafasi ya kufuta kila kitu katikati ya kazi. Neno BAT likimeta kwenye skrini, badilisha betri kwanza, na uibadilishe mashine ikiwa imewashwa huku kitufe cha dharura kimebonyezwa. Kisha toa nakala ya kila kitu. Ikiwa poti ya kutolea nakala ndiyo hiyo hiyo iliyogoma, zipige picha kurasa zote za parameta kwa simu, pamoja na zile za kuanzia 900 kwenye Fanuc 0, ambazo hubeba orodha ya vipengele ambavyo mashine iliuzwa navyo. Hizo hazikisiwi na mtu yeyote, na zikipotea bila nakala mashine nzima huweza kulala miezi ikingoja majibu ya mtengenezaji.

Alamu 086: kidhibiti hakioni mtu upande wa pili

Alamu hii humaanisha kwamba kidhibiti kilitazama waya unaopaswa kukiambia kuwa kifaa cha upande wa pili kiko tayari, nao ukawa kimya. Watu wengi hukimbilia kubadilisha kasi ya baudi, yaani idadi ya biti zinazotumwa kwa sekunde, jambo ambalo halihusiani kabisa na alamu hii, kwani hakuna hata herufi moja iliyokwisha kutumwa.

Anza na kebo. Kwenye upande wa mashine, soketi ya pini 25 hutuma data kwa pini 2, hupokea kwa pini 3, na pini 7 ni ya pamoja. Kwenye kompyuta, soketi ya pini 9 hupokea kwa pini 2, hutuma kwa pini 3, na ya pamoja ni pini 5. Kwa hiyo kebo kati ya soketi hizi mbili huenda 2 kwa 2, 3 kwa 3, na 7 kwa 5, bila kupishana. Anayezoea kebo za soketi mbili zilizo sawa huzipishanisha kwa mazoea na kuharibu kazi. Baada ya nyaya hizo tatu, pini 4 na 5 za upande wa mashine hufungwa pamoja, na pini 6, 8 na 20 nazo hufungwa pamoja, ili kidhibiti kijijibu chenyewe kwamba mwenzake yuko tayari. Upande wa kompyuta, pini 7 na 8 hufungwa pamoja, vivyo hivyo 1, 4 na 6. Kifundo cha 6, 8 na 20 kikiachia kwenye risasi, alamu 086 huja hata kama kila kitu kingine ni kizima.

Hapa pana tahadhari isiyopaswa kupuuzwa: kwenye poti ya Fanuc, pini 25 hutoa umeme wa volti 24 kwa ajili ya vifaa vya zamani vya mtengenezaji huyo. Kebo ya dukani yenye nyaya zote 25 zilizonyooka hupeleka umeme huo mahali usipotakiwa. Tengeneza kebo yako mwenyewe yenye nyaya tatu na ngao (wavu wa chuma unaozuia mawimbi), na uichomeke au kuichomoa pande zote mbili zikiwa zimezimwa.

Kebo ikiwa sawa, pima kwa multimita. Mashine ikiwa imewashwa na haitumi chochote, weka waya mweusi wa multimita kwenye pini 7 na mwekundu kwenye pini 2. Unapaswa kuona volti hasi, mara nyingi kati ya 5 na 12. Fanya hivyo hivyo kwenye kompyuta, kati ya pini 5 na pini 3. Upande utakaosoma sifuri ndio wenye ugonjwa: ama kituo (njia ya mawasiliano) kilichochaguliwa si hicho, ama chipu ya kutuma mawimbi ya RS-232 imekufa. Kituo huchaguliwa kwa parameta 0020 kwenye vidhibiti vya Fanuc vilivyofuata baada ya Fanuc 0, ambako 0 na 1 ni poti ya RS-232 ya kwanza, 4 ni kadi ya kumbukumbu, na 9 ni Ethernet ya ndani. Fundi aliyetumia kadi ya kumbukumbu jana na kuiacha parameta hiyo kwenye 4 atapata taabu asubuhi, na hitilafu hiyo huonekana kama imetoka hewani.

Chipu iliyokufa nayo ina sababu yake. Kompyuta ya ofisini na mashine zikichukua umeme kwenye njia tofauti zenye waya wa ethi usiolingana, tofauti ya volti kati ya mabodi mawili, yaani maungo yao ya chuma, hupita kwenye kebo ya data, kwa kuwa pini 7 ndiyo njia nyepesi iliyobaki. Kabla ya kuweka chipu mpya pima tofauti hiyo kati ya bodi ya mashine na bodi ya kompyuta, kebo ikiwa imechomolewa. Ukiona volti kadhaa, rekebisha ethi kwanza, au weka kitenganishi cha mwanga kwenye njia ya data. Chipu mpya juu ya ethi mbovu ni hasara ya pili.

Alamu 085: herufi zinafika zikiwa zimevurugika

Hapa mawasiliano yapo, lakini herufi zinazofika si zile zilizotumwa. Jambo la kwanza kutazama ni wakati alamu inapokuja. Ikija papo hapo, kwenye herufi ya kwanza, pande mbili hazijakubaliana kuhusu kasi, idadi ya biti au pariti (biti ya kukagua makosa). Ikija katikati, baada ya mamia ya mistari kupita salama, mipangilio ni sahihi na kosa liko kwenye kebo au kwenye mazingira yake.

Kwa hali ya kwanza, mpangilio unaokutwa sana kwenye Fanuc za zamani ni baudi 4800, biti 7, pariti shufwa na biti 2 za kusimamia. Kwenye vidhibiti vya baadaye kasi husomwa kwenye parameta 0103, ambako thamani 10 ni baudi 4800, 11 ni 9600, na 12 ni 19200. Usiiandike 9600 yenyewe kwenye parameta hiyo.

Kwa hali ya pili, fuata kebo kwa macho na mkono tangu mwanzo hadi mwisho. Kanuni ya zamani ya RS-232 huipa kebo mita 15 hivi, na ingawa kasi ndogo huruhusu zaidi, kebo ya mita 40 iliyofungwa pamoja na nyaya za mota ndani ya trei moja haitadumu kwa amani. Viendeshi vya mota, kontakta zisizo na vizima-cheche na mashine za kulehemu hutupa mawimbi kwenye kebo hiyo. Alamu inayokuja tu wakati mlehemu wa jirani anapofanya kazi haihitaji uchunguzi mwingine. Itenge kebo na nyaya za nguvu, iunganishe ngao yake na ethi upande mmoja tu, na kama umbali ni mkubwa weka kigeuzi cha RS-232 kwenda Ethernet karibu na mashine ili safari ndefu ifanywe na kebo ya mtandao, ambayo huruhusiwa hadi mita 100.

Ipo pia dalili inayofanana na hii ambayo chanzo chake ni faili lenyewe. Programu iliyohaririwa kwenye programu ya kuandikia barua hubeba alama za kunukuu zilizopinda na herufi ndogo ndani ya maelezo, nazo kidhibiti cha zamani hakizielewi. Alama ya asilimia isipokuwepo mwanzoni, kidhibiti kitangoja bila kikomo huku neno la kupokea likimeta. Isipokuwepo mwishoni, kitapokea programu yote na kuendelea kungoja. Hariri programu za CNC kwa kihariri cha maandishi matupu, na maelezo yaandikwe kwa herufi kubwa.

Alamu 087 na vigeuzi vya USB

Kidhibiti kinapojaa hutuma herufi ya kusimamisha, ambayo kwa msimbo wa heksa ni 13, na kikipata nafasi hutuma ya kuendeleza, ambayo ni 11. Alamu 087 ni malalamiko kwamba herufi ya kusimamisha ilitumwa lakini upande wa pili uliendelea kumwaga data. Chanzo cha wazi ni programu ya kutuma ambayo haikuwashiwa udhibiti huo wa XON na XOFF. Chanzo kinachowachosha watu ni kigeuzi cha USB. Kompyuta huwa imekwisha kukipa kigeuzi fungu zima la herufi, na amri ya kusimama inapofika kwenye kompyuta, herufi zilizomo ndani ya kigeuzi zinaendelea kutoka. Zikizidi zile chache ambazo kidhibiti kiko tayari kuzivumilia, alamu inawaka. Katika mipangilio ya kigeuzi punguza ukubwa wa bafa, yaani hifadhi ya muda ya herufi hizo, hadi chini kabisa. Na kwa kigeuzi cha Ethernet, hakikisha chenyewe ndicho kinachotii XON na XOFF, na si kompyuta iliyo mbali. Kigeuzi kisichotoa mpangilio huo kitumie kwa kazi nyingine.

Mashine inakata kwa kusitasita

Dalili hii huonekana kwenye kazi za molde na nyuso zilizopinda, pale programu inapokuwa kubwa kuliko kumbukumbu ya mashine na hivyo inalishwa kidogo kidogo huku mashine ikikata. Hakuna alamu. Zana inakwenda, inasita, inakwenda, na kila iliposita huacha alama ndogo kwenye uso wa chuma. Waendeshaji wengi hulaumu spindeli au skrubu za meza, ilhali hesabu fupi ya penseli huonyesha ukweli.

Kwa baudi 9600, yenye biti 1 ya kuanzia, 7 za data, 1 ya pariti na 2 za kusimamia, kila herufi hula biti 11, kwa hiyo kebo hupitisha herufi 870 hivi kwa sekunde. Mstari kama X12.345Y-6.789Z-1.234 una herufi 22 pamoja na ya kumaliza mstari. Kebo basi hupitisha mistari 40 kwa sekunde. Kama programu imegawa mkunjo katika vipande vya milimita 0.1, mashine itapata njia ya milimita 4 kwa sekunde, yaani 240 kwa dakika. Ukiwa umeagiza mwendo wa milimita 1000 kwa dakika, mashine inamaliza kazi iliyopewa na kusubiri nyingine, na kusubiri huko ndiko kusitasita unakokuona.

Kupandisha baudi hadi 19200 huongeza mara mbili tu, na kebo mbovu haitaivumilia kasi hiyo. Faida kubwa zaidi hupatikana kwenye programu yenyewe: ondoa namba za mistari na nafasi tupu, legeza kidogo kipimo cha usahihi ambacho programu ya usanifu hutumia kugawa mikunjo, na uiruhusu itoe tao za G02 na G03 badala ya vijistari. Kidhibiti kikiwa na nafasi ya kadi ya kumbukumbu, kukata moja kwa moja kutoka kwenye kadi ndiyo tiba kamili, na kebo ibaki kwa kazi ndogo. Ikiwa mashine husitasita hata ikisoma kutoka kwenye kadi, hapo ndipo uanze kufikiria uwezo wa kidhibiti chenyewe wa kusoma mistari, ambao hauongezwi kwa kebo yoyote.

Mashine ya Ethernet haionekani kwenye mtandao

Taa ya poti isipowaka, tatizo ni kebo, plagi au swichi, na halihitaji maelezo marefu. Taa ikiwaka lakini mashine haijibu ping (jaribio la kompyuta la kuuliza kama kifaa kipo mtandaoni), linganisha anwani na kinyago cha mtandao vya pande zote mbili, kisha tafuta anwani iliyorudiwa. Kadi ya mtandao ya Fanuc huweza kuja ikiwa na 192.168.1.1 kama anwani ya mwanzo, na hiyo ndiyo anwani ya ruta nyingi za intaneti. Mashine inapochomekwa kwenye mtandao wa ofisi, vitu viwili hugombea jina moja: mara intaneti ya ofisi inakatika, mara mashine inapotea, na mhasibu na mwendeshaji wa mashine wanalalamika kwa zamu bila kujua kwamba tatizo lao ni moja. Ipe kila mashine anwani yake ya kudumu, iandike kwa wino kwenye mlango wa kabati la umeme, na uitoe kwenye kundi la anwani ambazo ruta hugawa yenyewe.

Ping ikijibu vizuri lakini faili kubwa linakwenda polepole mno au linakatika njiani, shuku kutokubaliana kuhusu mwendo kati ya poti ya mashine na swichi. Vidhibiti vya zamani kidogo vinaweza kuwa vimefungwa kwenye megabiti 10 au 100 bila majadiliano, nayo swichi isipopata jibu huchukua njia ya mmoja mmoja, ambako upande mmoja hutuma huku mwingine ukingoja. Ping ni kipande kidogo, kwa hiyo hupenya; faili kubwa hugongana na majibu yake yenyewe. Tumia swichi inayokubali kupangwa kwa mkono na uweke pande zote mbili sawa.

Ping inajibu, programu ya kusoma data inakataliwa

Programu nyingi za kusoma data za Fanuc hutumia maktaba inayoitwa FOCAS, ambayo hupitia poti 8193. Kosa namba -16 humaanisha kuwa soketi haikufunguka: tazama ukuta wa moto wa kompyuta, namba ya poti kwenye kidhibiti, na kifaa kilichochaguliwa, kwa maana mashine huweza kuwa na Ethernet ya ndani pamoja na nafasi ya kadi ya mtandao, huku anwani uliyoiandika ikiwa ni ya kile ambacho hakijachaguliwa. Kosa namba -15 ni la kompyuta yenyewe, kwani faili la maktaba halipo mahali pake. Kosa namba 6 ni habari ya fedha: kipengele unachokiomba hakikununuliwa pamoja na mashine, na hakuna mpangilio utakaokileta.

Dalili inayostahili kutazamwa kwa makini zaidi ni ile ya programu inayofanya kazi asubuhi na kukataliwa mchana, ikawa hairudi hadi mashine izimwe na kuwashwa. Kidhibiti hutoa miunganisho michache tu kwa wakati mmoja. Programu iliyoandikwa bila uangalifu hufungua muunganisho mpya kila inaposoma na kusahau kuufunga, na baada ya muda nafasi zote zinakuwa zimekaliwa na wageni waliokwisha kuondoka. Mwandishi wa programu aulizwe kama kila mwito wa cnc_allclibhndl3 una cnc_freelibhndl wake, hata pale kosa linapotokea katikati. Hili ni kosa la programu, na kuizima mashine kila siku adhuhuri hakuliondoi.

Kwenye mashine zinazotumia OPC UA, njia nyingine ya kusoma data za mashine, ambayo kwa kawaida husikiliza poti 4840, kukataliwa mara nyingi husababishwa na vyeti. Mteja hujitambulisha kwa cheti, na cheti hicho hubaki kwenye folda ya waliokataliwa hadi mtu akihamishie kwa mkono kwenye ya wanaoaminika. Saa nayo huhusika hapa: betri ikibadilishwa na saa ya kidhibiti ikarudi nyuma miaka kadhaa, cheti kizuri kitaonekana kama hakijaanza kutumika.

Folda ya pamoja imetoweka baada ya kompyuta ya ofisi kubadilishwa

Mashine zenye Windows XP ndani yake hufungua folda za mtandao kwa njia ya zamani ya SMB toleo la 1. Kuanzia Windows 10 toleo la 1709, lililotoka mwaka 2017, njia hiyo haiwekwi tena yenyewe, kwa hiyo kompyuta mpya ikiletwa ofisini mashine huona ukuta mtupu ingawa ping inapita. Njia ya mkato ni kuiwasha SMB 1 kwenye kompyuta mpya, na ndivyo wengi wanavyofanya. Sishauri hivyo. Kirusi cha WannaCry cha Mei 2017 kilisambaa kwa kupitia udhaifu wa njia hiyo hiyo, nayo Windows XP iliacha kuhudumiwa na Microsoft mwezi Aprili 2014. Weka kompyuta ndogo katikati, yenye kadi mbili za mtandao: upande mmoja izungumze na mashine za zamani kwa njia yao, upande wa pili ipokee faili kutoka ofisini kwa njia ya kisasa, na mitandao hiyo miwili isikutane. Mpangilio huo huzisaidia hata mashine mpya, kwa sababu yeyote anayeifikia poti 8193 ya kidhibiti anaweza kusoma mambo yake na pengine kuyaandika upya.

Data zinafika, lakini haziaminiki

Hitilafu zilizotangulia zina ukarimu fulani, kwa kuwa kila moja hujitangaza. Hizi zinazofuata hukaa kimya ndani ya ripoti nzuri yenye rangi, na mkuu wa karakana huzitumia kuamua nani anafanya kazi na nani hafanyi.

Kwenye mfumo wa kusoma data za mashine uitwao MTConnect, ambao toleo lake la kwanza lilitolewa mwaka 2008 na ambao hufanya kazi ya kusoma tu, kila thamani isiyojulikana huandikwa UNAVAILABLE. Ukifungua ukurasa wa current na kukuta neno hilo kila mahali, wakala (programu inayowapa data wanaoziomba) yuko hai lakini hapati kitu kutoka kwa adapta (programu inayozichukua kwenye mashine). Adapta mara nyingi husikiliza poti 7878. Ukiwa na programu ya telnet ifungue poti hiyo: mistari yenye saa, jina na thamani, vikitenganishwa kwa alama ya mstari wima, inapaswa kumiminika. Ikimiminika, kosa liko kwa wakala au kwenye majina ya vitu yasiyolingana na yaliyo katika faili lake la maelezo ya mashine. Neno hilo likionekana kwenye kitu kimoja tu, jina hilo moja ndilo lililokosewa.

Saa za MTConnect hutolewa kwa majira ya UTC, nasi tuko mbele kwa saa tatu. Kazi iliyoanza saa mbili kamili asubuhi huandikwa 05:00, jambo ambalo mtu huligundua haraka. Kinachojificha ni zamu ya usiku: vipande vilivyokatwa kati ya saa sita na saa tisa usiku huhesabiwa kwenye tarehe ya jana yake, na hivyo ripoti ya kila siku haitalingana kamwe na daftari la zamu, ingawa jumla ya mwezi itakaribiana. Geuza saa wakati wa kuonyesha ripoti, na hifadhi iachwe kwenye UTC.

Mapengo kwenye data baada ya mtandao kukatika yana chanzo cha kihesabu. Wakala kwa kawaida huhifadhi matukio 131,072 na kisha huyafuta ya zamani. Mashine inayotuma matukio 50 kwa sekunde, jambo rahisi ikiwa nafasi za mihimili zinarekodiwa, hujaza bafa hiyo katika dakika 44. Umeme wa ofisi ukikatika kwa saa mbili huku karakana ikiendelea kwa jenereta, programu ya ofisini itaomba mfululizo ambao haupo tena na kujibiwa kuwa namba iko nje ya kiwango. Acha kurekodi nafasi za mihimili kama hakuna anayezitumia, au mhifadhi data akae karakanani karibu na mashine, kwenye umeme ule ule.

Hesabu ya vipande ndiyo chanzo cha magomvi mengi. Fanuc huongeza hesabu katika parameta 6711 inapokutana na M02 au M30, ambazo ni amri za kumaliza programu, au msimbo wa M ulioandikwa kwenye parameta 6710. Mashine ya kukereza inayolishwa nondo mara nyingi hurudia programu kwa M99, amri ya kurudi mwanzo, na hapo M30 haifikiwi, kwa hiyo mashine iliyofanya kazi usiku kucha huonyesha sifuri. Chagua msimbo wa M ambao haujatumika kwingine, uandike kwenye 6710, na uuweke kabla ya M99. Kinyume chake, mzunguko wa majaribio bila chuma nao huhesabiwa, na jigi linaloshika vipande vinne huhesabiwa kuwa kimoja.

Mashine zisizo na njia yoyote ya data

Kwa mashine ambayo kidhibiti chake hakitoi chochote, watu huchukua ishara kwenye taa ya rangi iliyo juu ya mashine, kwa rilei ya volti 24 au kiunganishi cha mwanga, na kuipeleka kwenye kifaa kidogo cha mtandao. Njia hii ni nzuri na nafuu, ila ina hitilafu mbili za mara kwa mara. Ya kwanza ni taa ya kijani inayobaki ikiwaka hata mwendeshaji anapoisimamisha mashine kwa muda, kwa kuwa mtengenezaji aliifunga kwenye ishara ya kuwa programu imeanza, si ya kuwa zana inatembea. Fungua michoro ya umeme ya mashine, itafute ishara inayoiwasha taa, na ikiwa ndivyo ilivyo, ongeza kihisi cha mkondo kwenye waya mmoja wa mota ya spindeli. Mashine ihesabiwe inakata pale tu taa inapowaka na mkondo umezidi ule wa spindeli inayozunguka bure, kiwango ambacho hupimwa kwa kila mashine kivyake.

Ya pili ni taa inayometameta. Taa ya manjano inayowaka na kuzimika kila nusu sekunde huandikwa kama maelfu ya vituo vifupi, na ripoti hujaa takataka. Katika kifaa weka kichujio kinachoichukulia taa iliyobadilika mara kadhaa ndani ya sekunde tatu kuwa ni hali moja ya kumeta. Kisha mkalishe mtu karibu na mashine kwa zamu moja akiwa na daftari na saa, aandike kila mashine inaposimama na sababu yake, na mlinganishe mistari yake na ya kifaa mmoja mmoja kabla ripoti haijapelekwa kwa mtu yeyote.